Maji Baridi ya Si Maneno

Injini ya Si Maneno iliacha kukojoa siku ya Jumatano, na hadi jioni kijiji kizima kilikuwa na la kusema. Injini ya boti ikiwa nzima hunyonya maji kutoka chini, ikajipoza nayo, kisha ikayatoa pembeni kwa mchirizi mwembamba, na watu wa pwani, ambao hawaoni haya kukiita kitu kwa jina lake, husema inakojoa. Ikiacha kukojoa inachemka, na ikichemka inazima. Hii ilizima karibu na kisiwa cha Mbudya. Wavuvi wakapiga makasia mpaka nyumbani Ununio, jua likiwachoma, samaki wakianza kulegea, na kila mwenye malengelenge mkononi akatafuta mtu wa kumlaumu.

Boti ilikuwa mali ya kijiji cha ujamaa kilichokaa kati ya Boko na bahari, na jina lake lilitokana na ile kauli iliyokuwa ikirudiwa kila mkutano miaka hiyo, kwamba ujamaa ni vitendo, si maneno. Aliyepewa rangi aandike ubavuni alipima mbao kwa jicho, akaona kauli nzima haitaenea, akaandika mwisho wake tu. Hakuna aliyelalamika. Baadaye jina hilo lilikuja kuwachekesha wote, kwa sababu balaa lililoipata boti lilitokana na maneno mawili.

Aliyekuwa akiendesha injini ni mwanamke, jina lake Tekla, na kama kuna anayeona ajabu awaulize wanaume wa kijiji kile. Siku injini ilipoletwa kutoka wilayani, bwana mmoja mwenye suruali ya kaki aliuliza nani anaijua mashine ya namna hii. Wanaume wakatazamana. Walijua tanga, walijua upondo na kasia, lakini kile chuma chenye kamba kiliwatoa jasho. Tekla akanyanyuka kutoka nyuma, kanga mabegani, akasema, "Mie naijua." Wakacheka. Akaingia majini hadi magotini, akaifunga injini nyuma ya boti, akavuta kamba mara moja, ikaunguruma. Kicheko kikaishia hapo.

Alijifunzia ziwani, kwao Uhayani. Baba yake, Ta Ansbert wa Kemondo, alikuwa na mashua ya kupeleka ndizi visiwani na kurudi na dagaa, na kwa kuwa watoto wake wa kiume wote waliona heri seminari, kamba ya injini ikamwangukia binti. Baadaye Tekla akaolewa na Gaudens, mwalimu, na serikali ikamhamishia Mwalimu Gaudens shule ya Boko. Basi naye akajikuta pwani, mahali alipoitwa Mama wa Bara kwa miaka, mahali walipoucheka mkono wake wa kukuna nazi na Kiswahili chake cha kuvuta. Injini ndiyo iliyombadilishia jina. Sasa akipita watu walisema, "Mama Injini huyo," na wavuvi walimwachia kiti cha nyuma ya boti bila kuambiwa. Alikipenda kiti kile kuliko kitu chochote alichopata tangu aondoke kwao, na hakuona sababu ya kulificha hilo.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Romani, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago, mtu wa sauti ndogo na mikono mikubwa. Alhamisi aliitisha mkutano kwenye ofisi ya kijiji, ambayo ilikuwa bado inangoja ukuta wake wa mbele.

"Ndugu zangu," alisema, "mjini yupo fundi, anaitwa Elinaza. Injini za boti ndiyo kazi yake. Mie nashauri tumpelekee. Ila ana sharti. Injini akishaitengeneza yeye, hamkabidhi mtu asiyemjua. Ataleta mtu wake aiendeshe."

Kila mmoja alijua sharti hilo linamwangukia nani. Tekla alikwishasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, kila asubuhi tunaimba kujitegemea hapa mpaka makoo yanakauka. Skrubu ikilegea tu, tunamtafuta fundi wa mjini. Injini zikienda mjini zinakaaga huko mpaka mnasahau rangi zake. Ikirudi, ganda ni lako, utumbo ni wa injini ya mwenzio. Nipeni mie. Nitaifungua, nitaisafisha, nitaifunga. Jumamosi inawaka."

"Kwani inaumwa nini?" aliuliza Alfonsi, mvuvi ambaye Jumatano alipiga kasia kuliko wenzake wote na bado alikuwa amefunga vitambaa viganjani.

Hapo ndipo Tekla angeweza kusema hajui, kwa kuwa kweli hakujua. Lakini mtu anayetetea kiti chake mbele ya kijiji kizima, neno "sijui" humkwama kooni.

"Mafuta," alisema. "Mafuta mabaya huchemsha injini. Hiyo petroli imetiwa mafuta ya taa. Mie ndiye ninayeinusa kila siku, naijua."

Petroli ililetwa na Romani mwenyewe, kila alipokwenda mjini kuuza vinyago. Shingo zote zikamgeukia. Romani akasema, "Sawa. Jumamosi. Ikishindikana, inakwenda kwa Elinaza, na sharti lake tunalikubali." Hakujitetea, na kwa watu wengi kutojitetea ni kukiri. Jua lilipozama alikuwa amekwishapata jina jipya. Walimwita Mwenyekiti Mafuta ya Taa, wanawake kisimani, wanaume kwenye bao, na hata wale waliompigia kura.

Ijumaa asubuhi Tekla alitandika gunia kwenye banda la nyavu, akaanza kazi akiimba. Alikuwa na mpangilio wake. Kila nati aliyoitoa aliiweka juu ya gunia kwa mstari, ya kwanza kushoto na ya mwisho kulia, ili kuifunga injini iwe ni kuufuata mstari ule ule kinyumenyume. Ndivyo Ta Ansbert alivyomfundisha, na ndivyo alivyokusudia kuwaonyesha wanaume wa Ununio. Plagi aliikuta safi. Kabureta ilikuwa safi, haina hata harufu ya mafuta ya taa, na hilo likamkera, akaliweka kando. Kisha akafungua kifuniko cha njia za maji, na wimbo ukamkatikia mdomoni.

Njia zilikuwa zimeziba. Kitu cheupe kilikuwa kimegandana humo, kigumu kama ukoko wa wali ulioachwa chunguni. Akakwangua kidogo kwa bisibisi, akaweka ulimini. Chumvi.

Akakaa chini kabisa. Chumvi imetoka wapi? Hakuna injini pwani nzima iliyotunzwa kama ile. Siku ya kwanza Marijani, nahodha wa Si Maneno, alimpa wosia mmoja tu kuhusu bahari. "Shemeji," alimwambia, "kila tukirudi, injini uinyweshe maji baridi. Usipofanya hivyo haimalizi mwaka." Ziwani hawakuwa na desturi hiyo, lakini Tekla aliishika kama sala. Kila jioni aliitumbukiza injini kwenye pipa, akamimina maji kutoka kwenye mitungi yake miwili, akaiwasha, ikanywa mpaka ikatosheka. Mitungi hiyo aliijaza alfajiri, kabla jua halijayapasha maji, akaifunika kwa gunia lililolowa ili yabaki baridi mchana kutwa. Shingoni aliifunga vitambaa vyekundu ili mtu asije akaitumia kwa kazi nyingine. Watu wa pwani wakiona mtungi wenye kitambaa chekundu hufikiria mambo mengine kabisa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuisogelea.

Jua lilikuwa kali Marijani alipoingia bandani. Alikuwa mzaliwa wa pale pale Ununio, mtu wa maneno mengi na haraka zaidi, na jioni alicheza bao na Mwalimu Gaudens, ndiyo maana yeye na Tekla waliitana shemeji.

"Vipi mgonjwa, shemeji?"

"Ana chumvi mwilini. Sielewi."

"Chumvi? Na unavyomnywesha?" Marijani akajifuta jasho, akaitazama mitungi. "Hebu nipe maji na mie, koo limekauka."

"Hayo ya injini. Lakini chukua, leo yeye hanywi."

"Na vitambaa vyako?"

"Vitambaa ni vya kukutisha wewe. Chukua."

Marijani akachota kwa kifuu, akagugumia kama mtu aliyetoka Mbudya kwa makasia. Mara macho yakamtoka. Akatema, akakohoa, akatema tena mpaka nje ya banda.

"Shemeji, haya maji ya bahari."

"Ndiyo, ya bahari," alisema Tekla. "Lakini baridi. Shika mtungi uone."

Marijani alikuwa bado anajifuta mdomo. Mkono ukamsimamia njiani. Alimtazama Tekla, akautazama mtungi, akayatazama yale maganda meupe juu ya gunia.

"Shemeji, nilipokwambia maji baridi, wewe ulielewa nini?"

"Maji yasiyo ya moto. Injini imetoka kazini, ina joto, unaipa ya baridi. Kuna kingine cha kuelewa?"

"Sie tukisema maji baridi, tunasema maji ya kisima. Maji ya kunywa. Yasiyo na chumvi."

"Hata yakiwa ya moto?"

"Hata yakiwa yanachemka juu ya meko. Ni ya moto, lakini ni maji baridi."

Tekla akamtazama kuona kama anamfanyia utani. Hakuwa anamfanyia. "Sasa kwa nini hukusema maji ya kisima?"

"Kwa sababu hakuna mtu anayesema hivyo. Maji baridi ni maji baridi. Nyie huko kwenu mnayaitaje?"

"Maji," alisema Tekla. "Kwetu ziwa zima linanyweka. Maji ni maji. Ya chumvi tulihadithiwa tu."

Hasira ilimpanda kwanza, ikamtoka haraka, ikamwachia aibu. Alijiona alfajiri zote zile, amesimama ndani ya mawimbi na ndoo, akingoja wimbi linalotoka mbali kwa kuwa ndilo lenye ubaridi zaidi. Njia ya kisimani na njia ya ufukweni ilikuwa moja, kwa hiyo waliomwona akirudi na ndoo kichwani walimsifu kwa bidii yake. Na kadiri bidii ilivyozidi ndivyo chumvi ilivyozidi. Injini ilikuwa ikitoka baharini na kuletewa bahari nyingine nyumbani. Angekuwa mvivu, ingekuwa na nafuu. Wazo hilo lilimuuma kuliko yote.

Marijani akachungulia nje, akarudi, akachuchumaa karibu yake. Sauti aliishusha.

"Sikiliza. Wanaojua ni mie na wewe. Mafuta yamekwishalaumiwa, yaache yalaumike. Kwangua chumvi yako taratibu, mie nakuletea maji ya kisima, kesho inawaka, basi. Ukisema, watasema nini? Kwamba mama wa bara amewalishia injini chumvi. Kesho asubuhi ipo kwa Elinaza, na wewe umerudi kukuna nazi."

Maneno yalikuwa ya kweli, na Tekla aliyapokea. Akachukua bisibisi, akaanza kukwangua. Kama Romani asingetokea wakati ule, huenda hadithi ingekuwa nyingine, maana Tekla hakuwa malaika, alikuwa mtu mwenye kiti chake.

Lakini Romani alitokea. Alisimama mlangoni pa banda na debe begani, viatu vyekundu kwa vumbi la barabara ya Bagamoyo. Alikuwa ametoka mjini. Alilishusha debe polepole, akalisukuma ndani kwa mguu, naye akabaki nje.

"Ndugu Tekla, petroli nyingine hiyo. Nimenunua kituo kingine. Nimesimama pale pale wakiimimina, nikainusa mwenyewe. Na ile ya kwanza niliinusaga pia. Lakini wewe ndiye unayejua."

Hakukuwa na kinyongo katika sauti yake, na heri kingekuwepo. Tekla aliiona ile mikono mikubwa ikining'inia bila kazi, mikono ya mtu aliyekwenda mjini na kurudi siku ya kuchonga ili kuondoa doa ambalo hakulitia yeye. Akaweka bisibisi chini.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "itisha mkutano. Leo leo."

Marijani alijifunika uso kwa kofia yake.

Jioni walijaa mpaka nje ya ukuta ambao haukuwepo. Tekla alikuja na mtungi mmoja kichwani, kitambaa chekundu kikiwa bado shingoni mwa mtungi, na waliokuwa mbele wakasogea nyuma kidogo. Akautua mezani. Hakuanza kwa kuzunguka.

"Petroli ya Mwenyekiti haikuwa na kitu. Mie ndiye niliyeiharibu injini. Nimeinywesha maji ya bahari kila jioni tangu tuipate. Niliambiwa niinyweshe maji baridi, na mie nikaona baridi ni baridi. Nikawa nayachota alfajiri, nayafunika yasipate joto. Nilisimama hapa nikamsingizia Ndugu Romani kwa kitu nisichokijua, kwa sababu nilikuwa naogopa kupoteza kiti. Ndugu Mwenyekiti, nisamehe. Na nyie mliomwita Mafuta ya Taa, mkitaka kuita mtu, niiteni mie Mama Chumvi."

Watu walitazamana kuhakikisha wamesikia sawasawa. Kisha Bi Filomena, muuza vitumbua, akauliza kwa sauti ya kweli kabisa ya kutaka kujua, "Ulikuwa unayafunika?" Hapo wakapasuka. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kucheka vizuri zaidi. Mmoja akasema Wahaya bwana, wamesoma mpaka wamepitiliza. Mwalimu Gaudens, aliyekuwa pembeni, aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, na mkewe aliyaona mabega hayo akayaweka akiba ya nyumbani. Tekla alisimama pale pale, kidevu juu. Kuchekwa alikuwa amekwishachekwa sana pwani ile, na aligundua kwamba safari hii hakuumia kama alivyodhani.

Alfonsi hakucheka. Aliinua viganja vyake vyenye vitambaa.

"Mie nauliza jambo moja. Mtu aliyeilisha injini chumvi miezi yote hiyo, ndiye huyo huyo tumwachie aifunge? Iende kwa Elinaza."

Wapo walioitikia, na hawakuwa wachache. Tekla alikuwa amekwishasema lake.

Romani akanyanyuka. "Kabla hatujaamua, nina swali. Nani hapa anaweza kuniambia maji baridi ni maji gani? Anayesema ni maji ya kisima hata kama ni ya moto, anyooshe mkono."

Watu wa Ununio wote wakanyoosha, wakishangaa swali lenyewe. Wachache wa Boko wakawafuata.

"Na anayesema ni maji yasiyo ya moto?"

Ikanyooka mikono ya Wamakonde, ya Wamwera, ya Wangoni, ya familia mbili zilizotoka Usambaa, na ya Mwalimu Gaudens, ambaye mabega yake yalikuwa yameacha kutikisika. Watu wa Ununio waligeuka kuwatazama wenzao kana kwamba wamehamia leo. Miaka yote hiyo walikuwa wamelima pamoja, wamezikana pamoja, wameimba nyimbo zile zile, na hakuna aliyejua kwamba kila walipotaja maji baridi, nusu yao walitaja kitu kingine.

Romani naye alikuwa amenyoosha wake. "Kwetu Newala maji tulikuwa tunayafuata bondeni," alisema. "Yakipatikana tulishukuru, hatukuulizana ni baridi au la. Ningepewa mie injini ile, leo ingekuwa imeziba vile vile." Akamgeukia Alfonsi. "Sasa tuseme tumempa Elinaza. Ni fundi, ataisafisha, itarudi inang'aa. Mtu wake ataiendesha. Huyo mtu katoka wapi? Pengine Singida. Nahodha wetu atamwambia ainyweshe maji baridi. Halafu?"

"Halafu mie ninapiga makasia," alisema Alfonsi baada ya kufikiri.

"Ugonjwa haukuwa wa injini. Ulikuwa wetu, na fundi wa mjini asingeuona. Kijiji hiki kina mtu mmoja tu ambaye nina hakika hatarudia kosa hilo mpaka anaingia kaburini. Mie nasema aifunge yeye. Ila sharti liko pale pale, kesho itakavyokuwa ndilo jibu. Ikojoe, na inachokojoa nikionje mwenyewe. Nikikuta chumvi, inakwenda mjini."

Alfonsi aliviangalia viganja vyake mara ya mwisho, akasema kwamba yeye hana neno.

Jumamosi bandani hapakuwa na nafasi ya kupita. Mke wa Marijani alileta ukwaju aliokuwa akisugulia sinia zake za shaba, akasema kinachong'arisha shaba hakiwezi kushindwa na chuma. Maji ya kisima yakapashwa kwenye sufuria kubwa ya harusi. Tekla alizilowesha zile njia kwa maji ya moto na ukwaju, akasubiri, akakwangua, akalowesha tena. Mahali bisibisi iliposhindwa kuingia, Romani alichukua patasi zake ndogo, zile za kuchongea kope za vinyago, akaondoa ukoko bila kuukwaruza ukuta wa chuma. Walifanya kazi bega kwa bega, na hawakuzungumza mengi.

"Jana ulinifanya nikalala vizuri," alisema Romani mara moja, bila kuinua macho.

"Mie sikulala kabisa," alisema Tekla.

"Basi ni zamu yako leo."

Alipofika kwenye kufunga, Tekla alimwondoa kila mtu kwenye gunia. Nati zilikuwa kwenye mstari wake, akaufuata kutoka kulia kwenda kushoto, mikono ikijua njia kabla yake, na kujiamini kwake kukamrudia kote. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulijua. Sasa alilijua. Mengine yote aliyajua toka utotoni.

Pipa likawekwa uwanjani. Wanawake walipanga foleni kutoka kisimani, kila mmoja na ndoo yake, na kila mmoja kabla ya kumimina alichovya kidole na kukilamba mbele ya Tekla kwa maringo makubwa, kisha akatangaza, "Baridi." Tekla aliwaacha wafurahi. Pipa lilipojaa, akaitumbukiza injini, akakaza kifungio, akazungusha kamba mkononi, akavuta.

Ilikohoa, ikanyamaza. Akavuta tena. Ikawaka kwa mngurumo uliotimua kuku wa Bi Filomena.

Hakuna aliyeutazama moshi. Macho yote yalikuwa kwenye kile kitundu cha pembeni, ambacho kilibaki kikavu. Kikaendelea kuwa kikavu mpaka Marijani akaanza kuomba dua kwa sauti. Kisha likatoka tone, likafuata jingine, na mara mchirizi ukaruka, mwembamba, umenyooka, ukamlowesha Alfonsi magotini. Watu wakapiga vigelegele. Romani akainua mkono kuwanyamazisha, akakinga kiganja, akaonja.

"Chumvi," alisema.

Vigelegele vikafa. Tekla akazima injini. Baridi ilimwingia, hiyo ya kwao, lakini sauti yake haikutikisika.

"Hiyo ni chumvi ya mwisho, ile iliyolegea ndani. Maji haya yamwageni. Nataka pipa jingine."

Pipa jingine lilikuwa ni kwenda kisimani upya, jua likiwa utosini. Wanawake walitazamana. Bi Filomena akainama, akachukua ndoo yake, akaondoka, na wengine wakamfuata.

Pipa likajaa mara ya pili. Safari hii injini iliwaka kwa mvuto mmoja, na mchirizi haukuchelewa. Tekla aliiacha ingurume mpaka ganda lake likapata joto hasa. Romani akasogea, akakinga kiganja, akakirudisha upesi kwa kuungua, akakikinga tena. Akalamba. Kijiji kizima kilimngoja.

"Ndugu Tekla," alisema, "njoo uonje na wewe."

Tekla akaweka mkono chini ya mchirizi. Maji yalikuwa ya moto, yanaunguza. Akayapeleka mdomoni, akayazungusha ulimini, akayameza.

"Baridi," alisema, akipuliza vidole vyake.